Ukiipa funksheni safu, ipewe nakala au ile ile?

Wa Nakuru (mleta hoja): Wanaoanza kujifunza programu wasianzie kwenye Python. Sababu yangu ni moja tu: funksheni ikipewa orodha (ndiyo safu ya Python), inashika ile ile ya nje. Tazameni kituo cha kupimia miwa:

majina = ["Wafula", "Nekesa", "Barasa"]
tani = [7, 3, 5]

Mtu anaandika funksheni ya kutafuta tani ya katikati. Ndani anaweka tani.sort(), inayozipanga kuanzia ndogo, kisha anarudisha tani[1], yaani ya pili, maana kuhesabu kunaanzia 0. Jibu ni 5, sahihi kabisa. Ila huku nje tani imeshakuwa [3, 5, 7] na majina hayajasogea. Wafula aliyeleta 7 analipwa 3, Barasa wa 5 anachukua 7, na hakuna ujumbe wowote wa kosa. Kwa lugha ya PHP hili lisingetokea. Safu zake ni thamani, na anayetaka ya nje iguswe lazima aweke & kwenye kigezo.

Wa Kisumu: Usiisingizie Python, ndugu yangu. Ubovu ni orodha mbili zinazotegemeana kwa nafasi. Halafu sorted(tani) ipo, inarudisha orodha mpya na kuiacha ya zamani. Kunakili nako kuna bei: namba milioni 1 za biti 64 ni baiti milioni 8. Iite funksheni mara 1,000 kwenye kitanzi, umehamisha baiti bilioni 8 bure.

Wa Nakuru: Hesabu hiyo haiihusu PHP wala lugha ya Swift. Nakala inasubiri mpaka mtu aandike. Ukisoma tu, hakuna kinachonakiliwa.

Wa Kakamega: Inasubiri, haifutiki. Ukibadilisha kipengele kimoja huku mwingine bado anaishika safu, inanakiliwa yote. Lakini mnazungumzia mambo mawili kama ni moja. Jina ni kamba, orodha ni ng'ombe. Funksheni inapewa kamba ya pili, tuiite t, kwa ng'ombe yule yule. t.append(9), inayoongeza 9 mwishoni, inamgusa ng'ombe, kwa hiyo nje inaonekana. t = t + [9] inaifunga kamba kwa ng'ombe mwingine, na nje hakuna mabadiliko. Sasa t += [9], inayodhaniwa kuwa ufupisho tu wa hiyo ya pili, inamgusa yule wa kwanza! Hapo ndipo wengi wanateleza. Java nayo hupitisha thamani siku zote, ila kwa safu thamani hiyo ni kamba.

Wa Bungoma: Kwa lugha ya Go ndiyo kizungumkuti. [3]int, safu ya namba tatu kamili, inanakiliwa nzima. []int, isiyotajiwa urefu, inanakili kichwa tu: anwani, urefu na nafasi iliyotengwa, baiti 24 kwenye mashine ya biti 64. Ukiongeza kwa append na nafasi ipo, unaandika kwenye kumbukumbu ile ile, lakini urefu anaoujua aliyekuita haubadiliki, kwa hiyo hakioni ulichoongeza. Nafasi ikiisha, unahamia kumbukumbu mpya. Ndiyo maana funksheni irudishe matokeo, na mwitaji aandike t = ongeza(t).

Lugha ya C haijali kabisa. Ndani ya funksheni safu inakuwa anwani tu, kwa hiyo sizeof(t)/sizeof(t[0]), yaani ukubwa wa t kugawanya kwa ukubwa wa kipengele kimoja, kwa int za baiti 4 na anwani ya baiti 8 inakupa 2 hata kama zipo 100. Urefu upitishe kando. Kichekesho ni kwamba safu hiyo hiyo ukiitia ndani ya struct (kifurushi cha data), inanakiliwa yote.

Wa Nakuru: Basi mnanipa sababu ya kuipenda Pascal. Bila var ni nakala, ukiweka var ni ile ile. Ukisoma mstari wa kwanza wa funksheni umeshajua.

Wa Kisumu: Python ina kanuni yake: sort hubadilisha na kurudisha None (yaani hakuna kitu), sorted hurudisha bila kugusa. Na wewe andika hivyo hivyo, funksheni isifanye yote mawili.

Wa Nakuru: Kanuni hiyo anaisimamia nani? Mashine haiikagui.

Wa Kisumu: Pitisha tuple(tani), yaani nakala isiyoweza kubadilishwa. Atakayeita sort juu yake anapata ujumbe wa kosa, AttributeError, papo hapo, kabla Wafula hajapunjwa.

Wa Nakuru: Hiyo naikubali. Na kama ndani ya tuple mna orodha, tuseme mizigo ya kila mkulima kwa wiki?

Wa Bungoma: Hizo za ndani bado zinabadilika. Hata kwa orodha ya kawaida, nakala za list(t) na t[:] ni za tabaka la nje tu. Hapo ni copy.deepcopy, inayonakili matabaka yote, na bei ya kunakili aliyoisema wa Kisumu inarudi yote.