Naomba ushauri: skripti ya PHP inayozunguka siku nzima inamaliza kumbukumbu ya seva

Mtunza_Seva: Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Nimeandika skripti ya PHP ya chama chetu cha akiba na mikopo, ambayo huanza alfajiri na kuzunguka hadi usiku, ikisoma miamala kutoka hifadhidata ya MySQL na kuwatumia wanachama ujumbe mfupi. Huanza na MB 18, lakini ikifika saa nane mchana hufa na kulalamika kwamba baiti 134217728 zimekwisha, yaani MB 128 kamili. Nimepandisha memory_limit, yaani kikomo cha kumbukumbu ambayo skripti inaruhusiwa kutumia, hadi MB 256, na sasa inakufa jioni badala ya mchana.

Kipanga: Ukurasa wa kawaida huficha uzembe wetu, kwa sababu PHP huachia kila kitu ombi linapokwisha; lakini skripti yako haikomi, kwa hiyo hubeba kila ilichookota. Andika memory_get_usage(), yaani kumbukumbu inayotumika wakati huo, kwenye logi kila mzunguko, kisha utuletee namba.

Mtunza_Seva: Nimefanya hivyo. Kila matokeo ya hoja (query) ya MySQL yanaposomwa namba hupanda ghafla hadi karibu MB 40, kisha hushuka, ila haishuki hadi ilipoanzia. Nina pia safu (array) ya $zilizotumwa, inayotunza kila ujumbe ili nisimtumie mtu mara mbili.

Bi Mkubwa: Basi una matatizo mawili, kaka, wala usiyachanganye. Kule kuruka kunatokana na PDO, kiungo cha PHP na hifadhidata, ambayo kwa MySQL huleta matokeo yote kwenye kumbukumbu kabla hujagusa mstari wa kwanza. Unaweza kuzima tabia hiyo kwa PDO::MYSQL_ATTR_USE_BUFFERED_QUERY, lakini muunganisho huo hautakubali hoja nyingine mpaka umalize kusoma, na wewe bila shaka unataka kusasisha humohumo. Mimi ningechukua mistari 500 kwa wakati, nikianzia kwenye id ya mwisho niliyoisoma. Kule kutoshuka ni safu yako tu: ifute, uweke safuwima ya imetumwa kwenye jedwali. Atakayekushauri gc_collect_cycles() mshukuru na uendelee na kazi, maana hiyo husafisha vitu vilivyoachwa vikishikana vyenyewe kwa vyenyewe, si safu ambayo bado umeishika mkononi.

Fundi wa Usiku: Naongeza jambo moja. Hata ukirekebisha yote, iache skripti ijifunge yenyewe baada ya ujumbe 1000 hivi, na Supervisor, programu inayosimamia skripti za namna hii, iiwashe upya. PHP-FPM, inayoendesha PHP ya kurasa za wavuti, nayo ina pm.max_requests, idadi ya maombi kabla mchakato haujaanzishwa upya, kwa sababu hiyohiyo. Kwenye Supervisor weka autorestart=true, kwa kuwa chaguo-msingi halimwamshi aliyetoka kwa amani, yaani bila hitilafu. Na itoke baada ya kuweka alama ya imetumwa, si kabla, la sivyo kuna mzee atapokea ujumbe wa deni mara mbili, na simu atakupigia wewe.

Mtunza_Seva: Ahsanteni sana. Leo ni siku ya tatu, na logi haijavuka MB 21. Hiyo ya autorestart ilinikamata kweli: usiku wa kwanza ilitoka kwa amani na haikurudi.