Video zinaganda kila usiku, kampuni ya intaneti inaniuzia kifurushi kikubwa zaidi. Huu ni wizi!

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu na nina hasira, mniwie radhi.

Nina intaneti ya faiba nyumbani, huku Goba, mwezi wa saba sasa. Miezi minne ya mwanzo sikuwa na neno. Tangu hapo, kila ikifika saa 2 usiku picha inaganda. Mtangazaji kafungua mdomo, duara linazunguka sekunde kumi, ishirini, kisha picha inaruka mbele na habari yenyewe imeshapita. Ninaishi na mzee wangu. Macho yake hayawezi tena gazeti, na taarifa ya habari ya saa 2 ndiyo anayoisubiri tangu mchana. Siku hizi anainuka katikati, anachukua fimbo yake, anakwenda kulala. Hilo linaniuma kuliko hela.

Nimepiga huduma kwa wateja mara tisa. Mara zote jibu ni lile lile: "Zima rauta, subiri dakika mbili, uwashe." Mara ya tano dada aliyepokea akaniambia kifurushi changu cha Mbps 20 (Mbps ndicho kipimo cha kasi ya intaneti) hakitoshi kwa video, nipande hadi 40. Nikapanda, elfu 25 zaidi kila mwezi. Usiku ule ule picha ikaganda kama jana yake.

Netflix wenyewe wanapendekeza Mbps 5 kwa video ya 1080p, yaani HD kamili, na 15 kwa ya 4K, ile yenye picha kali zaidi. Kwangu kuna runinga moja na simu tatu. Mbps 20 inashindwa na nini? Hapo nikaacha kuwapigia, nikaanza kupima mwenyewe.

Nilianza na waifai, maana sikutaka kumlaumu mtu kabla sijajisafisha. Nikakuta fundi wao aliifunga rauta nyuma ya kabati la runinga, imebanwa kati ya ukuta wa zege na mbao. Nikaitoa, nikaipandisha juu ukutani, runinga nikaihamishia kwenye masafa ya 5 GHz, maana yale ya 2.4 GHz yamejaa rauta za majirani. Vyumbani simu zikapata nafuu kweli. Kosa hilo lilikuwa ndani ya nyumba yangu, nakubali, ingawa aliyelifanya ni wao. Lakini saa 2 usiku ilipofika, kuganda kulikuwa pale pale.

Nikanunua waya wa mtandao wa mita 15, nikachomeka runinga moja kwa moja kwenye rauta. Ikaganda. Kisha nikafanya jaribio ambalo ningewaomba wote wenye tatizo hili walifanye: nikaweka filamu kwenye laptopu na kuichezesha kwenye runinga kupitia rauta ile ile, saa ile ile ya usiku. Saa nzima na nusu haikuganda hata mara moja. Maana yake mtandao wa ndani ni mzima, runinga ni nzima, na ugonjwa uko nje ya geti langu.

Bado nikataka ushahidi wa namba. Saa 3 usiku nikatuma pakiti 100, yaani vifurushi vidogo vya data, kwa amri ya ping (amri ya kompyuta inayotuma pakiti na kuhesabu zilizorudi) kwenda kwenye rauta yangu, 192.168.1.1. Haikupotea hata moja. Nikatuma 100 kwenda kituo cha kwanza cha kampuni, kinachofuata baada ya rauta: zikapotea 11. Kwenda 8.8.8.8, seva ya Google iliyo nje ya kampuni: zikapotea 12. Nikaamka saa 11 alfajiri, nikarudia zote. Sifuri, sifuri, sifuri. Nimefanya hivyo siku sita mfululizo na picha za skrini ninazo zote.

Video huja vipande vipande, kila kimoja cha sekunde chache, na runinga hujiwekea akiba kidogo mbele. Pakiti zikipotea, mwendo hushuka kwa sababu lazima zitumwe upya, akiba inaisha, picha inasimama. Matangazo ya moja kwa moja ndiyo huumia zaidi kwa kuwa akiba yake ni ndogo. Njia ya mtaa mzima ikiwa imejaa saa za jioni, mimi kulipia Mbps 40 au 100 hakuipanui. Ni sawa na kumuuzia mtu gari kubwa kwa sababu barabara ina foleni!

Fundi wao alikuja, saa 4 asubuhi. Akafungua programu ya kupima kasi kwenye simu yake, ikasoma 39, akanionyesha: "Mzee, mbona iko safi?" Nikamwonyesha vipimo vyangu vya usiku, hakuvisoma hata mstari mmoja. Kipimo kile huchukua nusu dakika, mara nyingi seva yake iko ndani ya mtandao wa kampuni yenyewe, na hapo ilikuwa asubuhi watu wako kazini. Kingeonyesha nini? Akaandika "tatizo limetatuliwa", akaondoka. Jioni nikapokea ujumbe wa kuniomba niipe huduma nyota tano.

Ninachodai ni vitu viwili. Waje saa 3 usiku wapime mbele yangu, kwa waya, na wanirudishie elfu 25 ya kila mwezi niliyotozwa kwa dawa isiyohusiana na ugonjwa. Malalamiko nimeyaandika kwa barua pepe, maana ya simu hayana kumbukumbu mkononi mwangu, na nimedai namba ya malalamiko. Wasiponijibu, bahasha yenye vipimo vyote inakwenda TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Sasa naomba msaada wenu. Mlioko Goba, Madale na Mbezi mnaotumia faiba, leo saa 3 usiku tumeni pakiti 100 kwenda kwenye rauta yenu, kisha 100 kwenda 8.8.8.8, mrudie alfajiri, mniwekee majibu hapa chini. Ficheni jina la kampuni na namba ya akaunti, saa na idadi ya zilizopotea vinatosha. Nitayaambatanisha na yangu.