Mashine ya kulisha mbwa: nimpelekee mzee Njiro au niache?

Mdogo wenu wa Minnesota:

Shikamooni wakubwa, wenzangu hamjambo. Mungu akipenda Desemba nashuka uwanja wa KIA. Mzee yuko Njiro, Arusha, na mbwa wawili wa geti na paka mmoja wa jikoni. Huku madukani kuna vitu vya ajabu vya wanyama: mashine inayomwaga chakula kwa saa, kamera inayomrushia mbwa biskuti ukiwa kazini, choo cha paka kinachojisafisha, mkanda wa shingoni wa kuzuia kubweka, kikombe cha kuoshea miguu. Punguzo la Novemba limekaribia na tamaa ni mbaya. Nibebe kipi?

Dada wa Sakina (nimesharudi nyumbani):

Marahaba mdogo wangu. Kabla ya punguzo, anza na umeme. Wa huko ni volti 120 na Hz 60, wa hapa 230 na Hz 50. Geuza chaja usome yale maandishi madogo. Ikiwa imeandikwa 100-240V, 50/60Hz, unachohitaji ni adapta ya plagi tu, na hiyo inapatikana hapa mjini bila shida. Ikiwa imeandikwa 120V peke yake, iache dukani kwao. Usiniambie habari ya transfoma ya kushusha umeme. Utabeba mzigo wa kuulisha mzigo.

Mashine ya kulisha imetengenezwa kwa chakula kikavu cha punje. Hao mbwa wa mzee wanakula nini? Kama ni ugali wa dona na dagaa, au pumba iliyopikwa na mifupa ya buchani, hakuna tundu la mashine litakalopitisha hicho. Na zile zinazoendeshwa kwa intaneti ni balaa jingine. Huko huko kwenu Marekani, mwaka 2016 na tena Februari 2020, seva za Petnet, kampuni ya mashine hizo, zilizima na watu wakabaki na mashine zisizotii simu. Hapa Mei 2024 mikongo ya intaneti ya EASSy na Seacom ilikatika baharini, mtandao ukawa wa kubembeleza. Sijataja umeme wa LUKU kuisha usiku. Ukishindwa kabisa kujizuia, chukua yenye saa yake ndani na nafasi ya betri.

Lakini jiulize: ni lini nyumba ya mzee iliwahi kukosa mtu? Hivi vitu vilibuniwa kwa mtu anayefunga mlango saa moja asubuhi, anarudi jioni, ndani hamna hata wa kuitikia hodi. Njiro kuna bibi, kuna dada wa kazi, kuna kijana wa ng'ombe, kuna mlinzi, na wajukuu wakifunga shule ndiyo usiseme. Kamera ya biskuti inamrushia nani, mbwa au wajukuu?

Mkanda wa kuzuia kubweka usiuguse. Ule wa kumpiga mnyama shoti, Wales waliupiga marufuku tangu 2010. Na mbwa wa geti anapewa ugali ili abweke. Asipobweka, tunamlisha kwa kazi gani?

Kikombe cha miguu sasa, hicho beba. Ni cha silikoni, ndani kimejaa vijinywele laini vya silikoni hiyo hiyo. Unatia maji ya uvuguvugu nusu, unaingiza mguu, unazungusha taratibu, unautoa, unapangusa katikati ya vidole kwa kitambaa kikavu. Mnaijua masika ya Arusha: ule udongo wetu unaingia kati ya kucha, ukikauka unashika kama saruji, mbwa anakaa kutwa anajilamba mpaka anatoka vidonda. Ukimvuta kwa mkono anang'ata. Kwenye kikombe anatulia, angalau kuanzia mguu wa pili.

Ongeza na kitu ambacho hukukitaja: kindoano cha kupe. Ni kijiplastiki chenye meno mawili yanayokutana shinani. Unakipitisha chini ya kupe, usawa wa ngozi kabisa, unazungusha polepole mpaka aachie mwenyewe. Huku bado watu wanamwagia mafuta ya taa au wanamminya kwa kucha. Kupe ukimminya anatapika alichobeba ndani ya jeraha, na alichobeba ndicho kinachotuletea mbwa mwenye homa, ufizi mweupe, hataki kula. Chukua kubwa na ndogo, zinauzwa pamoja. Ila kindoano hakiondoi haja ya dawa ya kuogeshea, mwambie kijana asije akajipumzisha.

Na mabunda ya vifuko vya kuzolea kinyesi usiyapakie. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, usijitafutie maswali uwanjani. Koleo lipo.

Kaka wa Kibosho, niko Leeds:

Dada nakubaliana nawe, ila bakuli la chipu umeliruka. Huku England tangu 10 Juni 2024 paka wa kufugwa lazima awe na mikrochipu, mbwa walitangulia 2016. Chipu inawekwa chini ya ngozi, ina urefu wa milimita 12 hivi, haina betri, ina namba ya tarakimu 15. Basi kuna bakuli lenye kifuniko linalosoma namba hiyo: anayehusika akisogea linafunguka, mwingine akija linabaki limefungwa. Walilibuni ili paka mlafi asimalize chakula cha mwenzake mgonjwa. Kwetu Kibosho mlafi ni kuku. Unamwekea paka dagaa, ukigeuka jogoo na wake zake wameshamaliza. Paka asiye na chipu anavalishwa kidani kinachokuja na bakuli. Linatumia betri, hivyo TANESCO haliwahusu, lakini ulizeni kwanza kama betri za saizi yake zipo dukani kwa mangi.

Vile vidani vya kumtafuta mbwa kwa simu, fikirini mara mbili. AirTag, kile cha Apple, haina GPS. Inategemea iPhone ya mtu mwingine ipite karibu ndiyo ipeleke habari. Katikati ya migomba mwezi Februari, nani anapita na iPhone? Labda Desemba, tukishapanda wote kula Krismasi.

Shemeji wa Soweto, Moshi:

Choo cha paka kinachojisafisha ni kizito, kinataka mchanga wake maalumu usiokwisha kununuliwa, na paka wetu anaomba ruhusa kwa bustani tu. Kwa joto la Moshi la Januari nitaunga mkono mkeka wa jeli wa kumpoza mbwa. Hautaki umeme, akilala juu yake unafyonza joto la mwili, akiondoka unapoa tena. Ila mbwa mwenye tabia ya kutafuna asiwekewe. Arusha sidhani kama wanauhitaji, Julai wao wanalala na sweta.

Mdogo wenu wa Minnesota:

Asanteni sana wakubwa. Mashine na kamera nimeziacha. Vindoano nimeshaagiza. Kikombe kinauzwa saizi tatu, mbwa wa mzee nimewaona kwenye picha tu. Nichukue ipi?

Dada wa Sakina:

Usikisie. Mwambie kijana amlowanishe mbwa mguu, amkanyagishe kwenye karatasi, aweke rula pembeni, apige picha akutumie WhatsApp. Apime mguu wa mbele, ndio mpana kuliko wa nyuma. Wakitofautiana, nunua cha yule mkubwa. Na ukibeba pawabenki, iwe kwenye begi la mkononi na isizidi Wh (wati-saa) 100, kwenye sanduku la chini hawaitaki.