Kipande chetu cha Nkuhungu kinatafuta jina: mbunge mstaafu au mpiga zeze?

Mleta mada, Nkuhungu, Dodoma

Wakuu, mbukwenyi.

Mnaikumbuka operesheni ya anwani za makazi ya 2022, kabla ya Sensa ya Agosti. Vijana walipita na simu mkononi na rangi kwenye kopo, nyumba zikaandikwa namba, njia zikapewa majina mbio mbio. Yetu ikaitwa Mbuyuni. Mbuyu wenyewe ulishakatwa zamani, pale pana banda la chipsi. Sasa wakazi wanataka jina jingine na mkutano wa mtaa umekaribia. Kundi moja, lenye wazee wengi, linataka jina la mbunge mstaafu. Mimi nikasimama nikasema Hukwe Zawose. Kijana mmoja, Mgogo wa kuzaliwa, akauliza: "Ndo nani huyo?" Watu wakacheka, kikao kikaahirishwa.

Tuhesabu kidogo. Tuna Nyerere Square. Tuna Ukumbi wa Pius Msekwa, Kituo cha Mikutano cha Jakaya Kikwete, Hospitali ya Benjamin Mkapa, Soko la Job Ndugai. SGR ilipozinduliwa 2024, stesheni ikaitwa Samia Suluhu Hassan. Sina ugomvi na yeyote kati yao. Lakini mgeni akisoma vibao vyetu atadhani mji huu umeishi kwa kuhutubiwa tu.

Zawose ni Mgogo wa huku kwetu. Mwalimu Nyerere alipenda muziki wake akamwita Dar es Salaam, na baadaye Zawose akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Alipiga zeze na ilimba, ile ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, na koo lake lilipanda na kushuka kama mtu anayeimba peke yake kwa niaba ya kijiji kizima. Alirekodi hadi Uingereza, katika studio za mwanamuziki Peter Gabriel. Alifariki Desemba 2003. Huko nje wanamjua. Hapa Nkuhungu, "ndo nani huyo".

Naomba hoja, matusi hapana.

Mkazi wa Area C

Mkuu, kwanza rekebisha lugha: mtaa una mwenyekiti, hicho mnachobishania ni barabara. Pili, mbunge mstaafu kawaletea nini? Kama kawaletea maji, mpeni barabara yake. Zeze halijachimba kisima.

Mleta mada

Kisima kilichimbwa kwa kodi yetu mkuu, yeye alikata utepe.

Fundi redio, Majengo

Nitawaudhi pande zote mbili. Jina la barabara ni bei rahisi: bati, nguzo, kopo la rangi. Kesho bodaboda atakwambia "nishushe Zawose" bila kujua Zawose ni mtu au ni duka la pembejeo. Hapo utakuwa umemkumbuka nani?

Mimi nimekaa na redio tangu za betri sita. Kila saa ya taarifa ya habari zilitangulia zile ngoma, mnazijua, hata mtoto aliyelala alizijua. Aliyezipiga ni Mzee Morris Nyunyusa, kipofu aliyezungushiwa ngoma nyingi akazipiga zote peke yake. Pengine hakuna msanii aliyesikika mara nyingi kuliko yeye katika nchi hii, na hana hata kichochoro ninachokijua. Ila sauti yake ipo, na ndiyo iliyombakisha.

Kwa hiyo swali langu ni mikanda. Utangazaji wetu ulianza 1951 na Sauti ya Dar es Salaam, 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), na hadi miaka ya 90 redio ilikuwa hiyohiyo. Bendi, kwaya, ngoma za mikoani, hotuba, maigizo, vyote viliingia kwenye mikanda. Mnamo 2012 hivi kulikuwa na mradi mdogo, Tanzania Heritage Project, ulichangisha fedha kwenye intaneti ili mikanda ya RTD ihamishiwe kwenye kompyuta. Wangapi hapa mliwahi kuusikia? Nilidhani hivyo.

Mkanda wa sumaku una gundi inayoshikilia ule unga wa kahawia. Gundi ikinyonya unyevu inakuwa kama ubani, mkanda unanasa kwenye kichwa cha mashine na unga unabanduka. Ukibanduka, wimbo umekwenda. Sasa niambieni, unyevu uko wapi, Dar au Dodoma? Serikali imehamia huku, wizara zimehamia huku. Hewa yetu kavu ndiyo dawa ya mikanda hiyo. Badala ya kugombea kibao, dai chumba cha kuhifadhia sauti, Dodoma, mwananchi aingie asikilize.

Mama wa Kizota

Fundi, hewa kavu nakubali. Na vumbi la Agosti je? Nafuta kabati langu mara mbili kwa siku.

Fundi redio, Majengo

Vumbi linazuiwa na mlango mama. Unyevu unapita hata mlango ukiwa umefungwa.

Shabiki wa jukwaa la mzunguko, Jamhuri

Mnasahau mpira. Kabla ya picha za king'amuzi, mechi tuliiona kwa masikio. Halima Mchuka alitangaza soka RTD wakati wanaume wengi waliamini mwanamke hajui hata kona ni nini. Chumba cha watangazaji pale Uwanja wa Jamhuri kingeitwa jina lake, na kila Dodoma Jiji ikicheza watangazaji wachanga wakiingia walisome mlangoni.

Ila nina dukuduku na sisi wenyewe. Timu ilipanda Ligi Kuu 2020 tukashangilia mji mzima. Wakija Simba au Yanga, nusu ya uwanja inageuka. Mtu kavaa jezi ya mgeni, kazaliwa Makole, kasoma Makole, anaizomea timu ya Makole. Watu wa namna hiyo ndio watapigania jina la Zawose?

Mkazi wa Area C

Jamhuri ni mali ya CCM, barua ya jina la chumba pelekeni kwao. Na Uyanga wangu niachieni, niliurithi kwa baba.

Mtuma salamu mstaafu, Mpwapwa

Watoto hawa hawajui kadi za salamu. Unanunua kadi, unaandika majina mpaka pembeni, unaposti, unasubiri wiki. Siku mtangazaji akisoma jina lako, kijiji kizima kinakupisha njia. Tulikuwa na lakabu zetu na vyama vyetu, tulisafiri kuzikana na kuozana na watu tuliofahamiana redioni tu. Ukilazwa hospitali, kipindi cha Ugua Pole kinakufikia kitandani. Mtangazaji tulimwita nyota, lakini bila kadi zetu angesoma nini? Mimi sitaki barabara. Nataka mtu aje anirekodi kabla sijasahau zile lakabu.

Msoma Hansard, Kikuyu

Niongeze moja la kisiasa. Januari 2016 Waziri Nape Nnauye alitangaza kwamba TBC inaacha kurusha Bunge moja kwa moja, hoja ikiwa gharama, shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Tuliokuwa tunasikiliza dukani tukahamia kwenye vipande vilivyorekodiwa usiku. Tangu hapo naamini anayekumbukwa ni yule ambaye sauti yake imeachwa wazi. Na kuna watu humo bungeni wanaoandika kila neno la kila mbunge, mpaka vicheko, wala hakuna anayewajua.

Mkazi wa Area C

Umetoka nje ya mada.

Msoma Hansard, Kikuyu

Nimeingia ndani zaidi yako.

Mwalimu wa sanaa, Chamwino

Nimesoma kimya muda mrefu. Mada ni nzuri ila ina tundu moja. Zawose, pamoja na ukubwa wake, tayari ana watu. Bagamoyo wanamtaja, na ukoo wake haujanyamaza: Pendo na Leah Zawose wametoa albamu 2024. Hapa Chamwino tamasha la muziki wa Wagogo linafanyika tangu 2009, lilianzishwa na Kedmon Mapana, na jina la Zawose halipotei hapo.

Wasio na watu ni akina mama wa muheme, ngoma ya Wagogo. Kiongozi akishuka uwanja wa ndege, wao wapo. Mwenge ukipita, wao wapo. Kampeni, uzinduzi wa zahanati, mkutano mkuu wa chama, wao wapo tangu alfajiri, ngoma mapajani, jua kichwani. Usiku kwenye taarifa ya habari unawaona kwa sekunde nne, halafu sauti yao inashushwa ili mtangazaji aseme: "...alipokelewa na vikundi vya ngoma." Kiongozi ana jina, cheo na shahada. Aliyempigia ana neno "vikundi".

Mjue pia kwamba muheme ni ngoma ya wanawake tangu jandoni na unyagoni, ina mpiga mkuu na wanaomjibu, na mkuu huyo hapatikani kirahisi. Kwa hiyo kama mnataka jina ambalo mkutano wa Nkuhungu utalijua bila kuuliza "ndo nani", tafuteni mpiga muheme wa mtaani kwenu.

Mleta mada

Mwalimu umenishika. Niliposimama pale mkutanoni nilitaja mtu niliyemjua kwenye kanda. Aliyetupigia ngoma siku mbunge huyohuyo anazindua kisima nilimwona kwa macho, na jina lake sikuliuliza.

Hoja ya Zawose siitoi. Naigawa: barabara kubwa inayotoka lami iwe yake, na ile yenye banda la chipsi iwe ya mama wa muheme. Fundi, suala la chumba cha mikanda naliandikia barua tofauti, uipitie.

Mkazi wa Area C

Sasa mnataka barabara mbili. Haya, huyo mama anaitwa nani?

Mama wa Kizota

Kama ni siku ya kile kisima, aliyeongoza alikuwa mama mkwe wangu. Jina siliweki hapa kabla sijamuuliza. Yuko shambani Mvumi anavuna uwele, anarudi Jumamosi.