Tupeane uzoefu: nani alikuharibia mwisho wa Poirot?

Mleta mada: Wakuu, jana nimejikalia zangu naangalia Poirot, ile tamthilia ya mpelelezi mwenye masharubu, aliyoigiza David Suchet. Shemeji kapita na kikombe chake cha chai, kasimama nyuma ya kochi, "Muuaji ni huyo mwenye kofia," kaenda zake. Na ndiyo kwanza watu walikuwa wanaitwa sebuleni ili Poirot amtaje muuaji! Wewe ni nani alikuharibia, na ulimfanya nini?

Binti Makorora: Kaka yangu haongei. Anaandika jina la muuaji kwa penseli ukurasa wa kwanza wa kitabu, ukija kwenye TV ushajua. Ukifuta, anarudishia kwa kalamu.

Kipanga: Kwetu adui ni umeme. Masharubu yale yakianza kucheza tu, giza.

Mama Sauda: Kipanga umemaliza.

Mlezi wa Wazee: Umenigusa. Niko Uingereza, natunza wazee majumbani. Huku chaneli ya ITV3 wanarudia Poirot mchana, na bibi ninayemhudumia hakosi. Kumbukumbu zimemtoka, maskini. Jina langu ananiuliza asubuhi, mchana tena. Lakini ile saksafoni ya mwanzo ikilia anakaa wima, ananivuta mkono: "Yule mwenye glavu." Hakosei! Nimezoea, nakunja nguo zake huku najua nani wa kukamatwa. Sasa juzi kanyamaza kimya, biskuti imelowa kwenye chai mpaka imekatikia humo. Ghafla ananyoosha kidole: "Huyo ndiye aliyemuua mume wangu." Nikacheka. Akarudia, akataja na shimo la bustanini. Jamani! Bustani yenyewe naiona dirishani, na waridi zimestawi sehemu moja tu. Ngoja niwahi basi, nitarudi.

Kipanga: Unaachaje hapo???

Mjukuu wa Fundi: Usichimbe. Piga simu polisi.

Binti Makorora: Chimba kwanza, polisi baadaye. Ukienda mikono mitupu watakuuliza kibali chako cha kazi.

Bwana Ngano: Wakati tunamsubiri, mimi kilichoniumiza ni kile kisa cha Curtain, Poirot alivyokufa.

Mjukuu wa Fundi: WEWE! Mada ya walioharibiwa, nawe unaharibu humu humu! Mimi sijafika huko.

Bwana Ngano: Kitabu kimetoka 1975. New York Times walimwandikia tanzia ukurasa wa kwanza, Agosti 6 mwaka huo. Mtu ametangazwa gazetini, siri gani tena?

Mjukuu wa Fundi: Kwenye TV kafa 2013. Mimi nafuata TV.

Binti Makorora: Kifo chenyewe walikirekodi mapema, wakamalizia kazi na kipindi cha Dead Man's Folly pale Greenway, kwenye nyumba ya Agatha Christie aliyeandika vitabu vyenyewe, Poirot mzima anatembea. Nawe Mjukuu fanya hivyo hivyo, Curtain iangalie kabla ya hiyo.

Kipanga: Usimsikilize. Fuata mpangilio, 1989 mpaka 2013, vipindi 70.

Mama Sauda: Mpangilio wa nini? Kula za mwanzo zenye rafiki yake Hastings, Japp wa polisi na katibu wake Miss Lemon. Walipoondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kicheko kikaondoka nao, wakaja kurudishwa mwishoni kabisa. Ile Orient Express ya 2010, Poirot na rozari mkononi, kanuna mwanzo mwisho.

Bwana Ngano: Poirot ni Mkatoliki tangu vitabuni, Mama Sauda.

Mama Sauda: Rozari sikatai, baba. Nakataa kununa.

Mlezi wa Wazee: Nimerudi. Nimemuuliza binti yake. Mume hajafa, waliachana, yuko Hispania na mke mwingine. Pale kwenye waridi walizika mbwa.

Kipanga: Na mimi nilishakodi jembe.

Mjukuu wa Fundi: Kwa hiyo bibi kakosea safari hii.

Mlezi wa Wazee: Ya mume kakosea. Ya kwenye TV alikuwa sahihi, ndiye huyo huyo.

Mgeni wa Juzi: Samahani wakubwa, mimi sijawahi kuona hata moja. Naanzia wapi?

Binti Makorora: The Adventure of the Clapham Cook, cha kwanza kabisa. Mpishi katoka siku yake ya mapumziko, hakurudi, kisha katuma sanduku lake lichukuliwe. Poirot anaona kesi ya mpishi haina hadhi yake, mama mwenye nyumba anamsuta mpaka anaikubali.

Mama Sauda: Dada wangu wa kazi kaondoka tangu Jumatatu na sanduku kaacha. Hicho nakiangalia leo leo. Na ole wake atakayenitajia mwisho.