Naombeni ushauri: jiko moja, mtoto wa miezi saba, binti wa miaka 14 na bibi mwenye sukari

MamaMoro: Wakuu, habari zenu. Mama mkwe amehamia kwetu hapa Morogoro. Ana sukari na presha. Kitinda mimba wangu ana miezi saba, ndiyo kwanza anajifunza kula. Binti wa miaka 14 amevunja ungo na siku hizi analalamika kizunguzungu. Kipato chetu cha kuungaunga, mkaa ndio mnaujua bei yake. Nitapikaje vyungu vitatu? Na unga wa lishe wa nafaka saba ninaouziwa sokoni, unamfaa mtoto?

MuuguziMstaafu: Pole na majukumu, mwanangu. Pika chungu kimoja, tofauti iwe kwenye kupakua. Maharage yakiiva, kabla hujatia chumvi, chota ya mtoto, yaponde na mchicha na mafuta kidogo. Hajafikisha mwaka, kwa hiyo chumvi, sukari na asali hapana. Kunyonya aendelee mpaka miaka miwili. Ndipo uwatie chumvi wengine, kidogo: Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, kama kijiko cha chai, na hapo imehesabiwa hata iliyomo kwenye mkate na viungo vya pakiti.

MkulimaKondoa: Huo unga wa nafaka saba siuamini hata kidogo. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka, iliua watu 20 huku Dodoma na Manyara, chanzo mahindi. Karanga nazo hushika ukungu huo upesi, na kupika hakuiondoi sumu. Kikishasagwa utakagua nini? Nunua ulezi au mahindi makavu, chambua mwenyewe, tupa kila punje yenye ukungu, saga kidogo kidogo. Karanga vilevile, zisage pembeni.

MamaWanne: Binti mpeleke akapimwe damu, usikisie. Nyumbani mwondolee chai wakati wa kula, inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Matembele na dagaa ale kwa ndimu au chungwa.

MuuguziMstaafu: Kweli kabisa. Na bibi msimnyime ugali jamani, wazee wengi wanadhoofika hivyo. Nusu ya sahani mboga za majani, robo ugali wa dona, robo samaki au maharage. Kama anatumia dawa za sukari, asiruke mlo.

MamaMoro: Asanteni sana. Mwenyewe anauliza, uji wake wa asubuhi autie nini badala ya sukari?

MamaWanne: Mtindi, au unga wa ubuyu mweupe. Ule mwekundu wa sukari asiuguse.