Tupeane uzoefu: mliobaki wawili nyumbani, mnapikaje chakula cha usiku?

Bi Moshono
Wakuu, poleni na majukumu. Niko Moshono, Arusha. Nyumba yangu ilikuwa ya watu saba: mimi, mzee, watoto wanne na binti aliyekuwa akinisaidia kazi. Binti kaolewa, wakubwa wawili wako chuo, wadogo wote bweni; kitinda mimba kaanza kidato cha kwanza Januari hii. Tumebaki mimi na mzee, na mchana kila mtu anakula kazini kwake. Kwa hiyo jikoni kwangu siku hizi mlo wa maana ni mmoja tu, wa usiku.

Sasa mkono bado haujapewa taarifa kwamba watu wameondoka. Nikiinua mfuko wa unga, unamiminika wa watu saba. Mzee anakula kiporo na chai asubuhi bila neno, lakini ikifika Alhamisi naona anauliza "leo kuna nini?" kwa sauti ya kinyonge. Naomba uzoefu wenye vipimo. Mtu aseme yuko wapi, wako wangapi, anapika nini. Zile za "kadiria tu dada" kaeni nazo.

Chalii wa Sakina
Shikamoo mama. Mimi geto niko peke yangu, mtungi mdogo wa kilo 6 na sufuria mbili. Ugali wa mtu mmoja mwenye njaa: maji kikombe kimoja na nusu, unga kikombe kimoja kilichojaa mpaka juu. Kikombe ni hiki hiki cha chai.

Ila anza na sufuria kabla ya unga. Ukisonga ugali mdogo kwenye sufuria ya watu saba, maji yanakauka unga haujaiva. Unaongeza maji, unakuwa uji, unaongeza unga, mwisho una ugali wa msibani na walaji wawili. Zile kubwa pandisha juu ya kabati, mahali ambapo mpaka utafute stuli.

Maharage naloweka nusu kilo Jumamosi usiku, Jumapili nachemsha bila chumvi. Nagawa kwenye vikontena vinne, viwili chini kwenye friji, viwili kwenye friza. Nikirudi kazini naunga kimoja na kitunguu, nyanya na karoti, dakika kumi niko mezani.

Nukta Tatu
Sensa ya 2022 ilisema kaya ya Mtanzania ina wastani wa watu 4.3. Kwetu mimi ndiye huyo wa nukta tatu, nafika saa tatu usiku nakuta sufuria imeshasuguliwa inang'aa. Naendelea kusoma uzi.

Mama Rau
Bi Moshono, habari za huko. Mimi niko Rau, Moshi. Tuko watatu: mimi, baba watoto, na mama mkwe ambaye meno yameshamuaga, kwa hiyo chakula lazima kiwe laini. Kwetu ndizi ndiyo jibu.

Usinunue mkungu hata wakushawishi na bei. Mkungu wa mshare kwenye nyumba ya watu watatu, nusu yake itakuivia stoo. Mimi nachukua kichana kimoja sokoni Mbuyuni. Hesabu yangu ni vidole vinne kwa baba, vitatu vitatu kwa sisi wengine, na vitano au sita vya ziada ambavyo nitawaeleza kazi yake. Nyama ya mfupa nusu kilo, ya siku mbili.

Paka mafuta mikononi kabla ya kumenya, maana utomvu ukishashika kwenye kucha hautoki kwa sabuni. Menya kwa kisu, kisha para ule utando mpaka ndizi iwe nyeupe, na kila moja ukiimaliza itumbukize kwenye maji yenye limao kidogo isipige weusi. Nyama ichemke na tangawizi mpaka inakaribia kuiva na supu ipo. Hapo panga ndizi juu, kitunguu kimoja, nyanya mbili, karoti, hoho nusu, funika. Usikoroge na mwiko, shika sufuria masikio uitikise.

Kwenye maji ndiko wengi wanaopunguza chakula wanakoharibu. Umegawa nyama nusu, ndizi nusu, unagawa na maji nusu, chakula kinaungua. Mvuke hauhesabu watu, unaangalia upana wa sufuria na ukali wa moto. Chakula kikiwa kidogo, maji punguza kidogo tu, kinachopungua sana ni moto. Chumvi fanya kinyume: anza na kidogo kabisa uonje mwishoni, kwa sababu supu ikikauka yenyewe inabaki.

Sasa vile vidole vya ziada. Usiku wa kwanza tunakula machalari, kila mtu na vipande vyake. Ndizi zilizobaki naziponda zikiwa bado za moto, nachambua nyama kwenye mifupa, naweka kwenye bakuli la mfuniko, supu naiweka kando. Zikipoa zinaingia kwenye friji. Kesho yake nachanganya jikoni, natia maziwa na siagi kijiko kimoja, huo mtori. Mama mkwe anaamini nimepika upya na mimi sina sababu ya kumsahihisha.

Desemba ni habari nyingine. Ndugu wakipanda kutoka Dar tunakaribia ishirini, mkungu mzima unaisha usiku mmoja. Zile sufuria ambazo Chalii anasema zipande kabatini, zipande, lakini asije akakushauri uzigawe.

Mzee wa Machame
Nawasoma tu. Vidole vinne, kikombe kimoja na nusu, hoho nusu. Sisi tumelelewa tukijua chungu kina fungu la mtu ambaye hajafika. Jirani akibisha hodi mmeshagawana vidole, mtamwambia arudi mwezi wa saba? Bi Moshono, pika cha watu wanne. Wawili ni ninyi, wawili Mungu anawajua.

Bi Moshono
Shikamoo mzee wangu. Hao wawili wa Mungu tangu Januari nawasubiri. Njooni basi, ugali upo.

Chalii wa Sakina
Nimecheka mpaka konda kanigeukia.

Mwalimu Pasua
Mzee ana hoja, ila mgeni wangu siwezi kumwekea ugali uliokauka ukimsubiri. Akibisha hodi, maji yanachemka, mayai yanakaangwa, robo saa anakula cha moto. Fungu la mgeni naliweka kwenye trei ya mayai.

Mimi shida yangu ni ya upande wa pili. Tulikuwa wawili, sasa tuko sita: amekuja mdogo wa mke wangu anayesoma hapa Moshi, na watoto watatu wa marehemu dada yangu. Mshahara ni ule ule. Kwenye kitoweo, nilichofanya ni kuiondolea nyama ukubwa wake. Nusu kilo naikata vipande vidogo vidogo inaingia kwenye viazi, njegere au ndizi, ukichota unakutana nayo mara kwa mara. Vipande vikubwa vikiwa sita, hapo mezani panakuwa bunge.

Wali nao una siri yake watu wakiongezeka. Kikombe kimoja cha mchele natia maji mawili. Vikombe sita sitii kumi na viwili, natia kama tisa, kwa sababu ile ile aliyosema Mama Rau ya mvuke. Na kama ni mchele mpya wa mashamba ya huku Mabogini na Chekereni, punguza tena, maana mchele mpya haunywi maji kama wa zamani. Sisi sita pamoja na maharage, kilo moja haiishi. Robo tatu inatosha ikiwa na mboga.

Tengeru Jumamosi
Mtu asije akapika makande ya watu wawili. Saa mbili za moto kwa bakuli mbili? Hapana. Mimi na mume wangu tunapika kilo nzima ya mahindi yaliyokobolewa na nusu kilo ya maharage, kwenye mkaa, siku nikiwa nimetoka sokoni Tengeru na nipo nyumbani mchana. Siri ni kutounga kitu. Hakuna kitunguu, hakuna nyanya, hakuna chumvi, maana makande yaliyoungwa yanachacha upesi. Nagawa yakiwa matupu. Usiku wa kwanza nayaunga kwa karanga. Siku nyingine nachukua fungu, naliponda kidogo, napasha, nikitoa jikoni natia maziwa ya mgando, loshoro. Mzee hawezi kusema amekula kiporo kwa sababu hivyo ni vyakula viwili.

Halafu jambo dogo kwa Bi Moshono: mboga za majani usizigawe. Fungu la mnafu unaloliona kubwa kwenye meza ya muuza mboga, likipigwa na moto linanywea, linatosha watu wawili haswa. Nimeona watu wanapika nusu fungu wanabaki wanagombea majani.

Nesi wa Usiku
Naongeza moja nirudi wodini. Wali. Msiuache kwenye sufuria mezani mpaka asubuhi kwa kujidai Arusha ni baridi. Hata Juni na Julai, jikoni kwenye jiko lililokuwa linawaka si friji. Kuna vijidudu vinaitwa Bacillus cereus, mbegu zake hazifi kwa kuchemka. Wali ukikaa vuguvugu zinaamka, zinazaana na kutoa sumu, na sumu nyingine haiondoki hata ukiupasha mpaka utoe moshi. Ukimaliza kula, utandaze kwenye chombo kipana upoe haraka, uingie friji ndani ya saa mbili, uliwe kesho. Kilichobaki hapo hakipashwi tena.

Mzee wa Machame
Nesi, sisi tumekula viporo tangu tukiwa watoto na tupo.

Nesi wa Usiku
Shikamoo baba. Waliopo ndio wanaandika.

Mama Rau
Duh.

Bi Moshono
Ngoja nipumue. Mzee wangu amesoma huu uzi juu ya bega langu, kaishia kwenye mtori, anataka keshokutwa. Mama Rau, nikikosa mshare hapa soko la Kilombero?

Mama Rau
Hukosi, waambie za mtori. Ukikosa kabisa, bora viazi kuliko kuchukua ndizi zisizolainika.

Nukta Tatu
Msaada wa haraka wakuu. Leo wote wameenda msibani, jikoni ni mimi tu. Kuna mayai mawili na ndizi tatu za kupika zimeanza kuiva. Nizichemshe?

Tengeru Jumamosi
Zikishaanza kuiva zina sukari, ukichanganya na kitunguu na nyanya hutaipenda. Kata mshazari, mafuta kidogo, moto mdogo, geuza zikiwa rangi ya kahawia. Mayai kaanga pembeni. Na ukimaliza uoshe hiyo sufuria, uone inavyokuwa.